Kemia ya Mwaka wa Kwanza: Tupime Udongo Kabla ya Kupanda

Kila mwaka wanarudi. Wengine hurudi mwezi wa tatu au wa nne, matokeo ya muhula wa kwanza yakishatoka. Wengine mwezi wa tisa, baada ya mitihani ya marudio. Hushuka stendi ya Nachingwea au ya Ruangwa na begi lile lile waliloondoka nalo, na kwa wiki kadhaa majirani huambiwa kwamba chuo kimefunga. Kisha ukweli hutoka: kijana amedisko. Wapo pia ambao hawajadisko lakini wana sapu mbili au tatu, na ukiuliza ni za masomo gani, mara nyingi la kwanza kutajwa ni Kemia.

Sisi tunaoandika ni walimu na walezi wa seminari. Vijana hao tunawafahamu. Baadhi tuliwafundisha wenyewe, wengine walitumikia altareni katika vigango tunavyokwenda kufanya utume. Tumekaa na wazazi wao. Tunajua kwamba nauli, ada ya kuanzia na godoro vilitoka kwenye malipo ya ufuta au korosho, na kwamba fedha hizo zilisubiriwa tangu siku ya mnada wa RUNALI hadi zilipoingia benki. Kijana akirudi na barua ya kuondolewa chuoni, familia imepoteza msimu mzima. Kama alikuwa na mkopo wa Bodi, deni linabaki ingawa shahada haipo. Na wadogo zake nao hupoteza, maana baba hayuko tayari kuuza tena magunia kwa ajili ya "hayo masomo ya sayansi".

Mitaani kuna maelezo mawili ya jambo hili. La kwanza linasema kijana amepotea mjini: bumu limeishia kwenye starehe, ameacha kusali. La pili linasema Kemia ni ngumu na haikuumbwa kwa watoto wa huku kwetu. Hatukatai kwamba wapo waliopotea mjini. Lakini tumewaona waliorudi wakiwa hawajakosa kipindi hata kimoja wala misa ya Jumapili. Maelezo ya kwanza yanamhukumu kijana, ya pili yanamdharau, na yote mawili yanatuacha sisi wakubwa tukiwa safi.

Sisi tunaona hivi: wengi wanaoanguka katika Kemia ya mwaka wa kwanza walikwisha anguka kabla ya kupanda basi, na sisi tuliowaandaa hatukuwapima tukajua.

Fundisho la mashamba ya karanga

Nachingwea haihitaji kufundishwa na wageni gharama ya kupanda bila kupima. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kazi ilianza mwaka 1947. Yaliletwa matrekta, wakaja wataalamu, ikajengwa bandari Mtwara na reli ya kuja hadi Nachingwea. Zilitumika zaidi ya pauni milioni 30, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, na baadaye hata reli iling'olewa.

Fedha na nia vilikuwepo. Kilichokosekana ni muda wa kujaribu udongo na mvua kwanza, kwa shamba dogo, kabla ya kufyeka pori kubwa. Kule Kongwa udongo uliokuwa laini wakati wa mvua uligeuka mgumu kama tofali jua lilipowaka, na karanga zikakwama ardhini.

Nasi tunafanya vivyo hivyo na vijana. Chukua alama ya D. Katika mtihani wa Kidato cha Nne, D ni kati ya alama 30 na 44. Mwenye D ya Kemia na ya Baiolojia anaweza, akitimiza masharti mengine, kuomba nafasi katika chuo cha afya cha ngazi ya kati: utabibu, maabara, famasia. Ni haki yake, na tunafurahi anapoipata. Lakini D hiyo inaweza kuwa na maana kwamba sehemu saba katika kumi za mtihani hakuziweza. Hakuna anayemuuliza ni zipi. Chuo kinaanzia sura ya kwanza ya mtaala wake, na hakina muda wa kurudi pale kijana alipoishia.

Wanapoangukia

Tumejaribu kukaa na vijana wenye sapu na kupitia nao maswali waliyoshindwa. Tumekuta makosa mengi hayatokani na Kemia yenyewe. Yanatokana na mambo manne.

La kwanza ni hesabu. Kwa miaka mingi, katika mtihani wa Kidato cha Nne, karibu mtahiniwa mmoja tu kati ya watano ndiye aliyefaulu Hisabati. Hivi karibuni imekuwa karibu mmoja kati ya wanne. Maana yake ni kwamba wengi wanaofika kwenye Kemia ya chuo hawana uhakika na uwiano, vipeo vya kumi na logi. Asiyejua logi hawezi kukokotoa pH, hata akiwa anaielewa asidi kuliko mwalimu wake.

Tazama dhana ya moli, inayowashinda wengi. Mkulima wa Ruangwa anayelijua ghala la AMCOS anaifahamu tayari, ingawa hajawahi kulisikia jina lake. Hakuna anayehesabu tani ya korosho moja moja. Mpimaji huchukua sampuli, huhesabu korosho zilizomo katika kilo moja, tuseme 200, na tangu hapo mzani humhesabia: kilo tatu ni korosho 600. Moli ni hivyo hivyo. Atomu ni ndogo mno kuhesabiwa, kwa hiyo tunapima uzito na mzani unatuhesabia. Gramu 12 za kaboni ni moli moja, yaani atomu 6.02 × 10²³. Gramu 6 ni nusu moli. Kijana akiuelewa mfano wa ghalani, nusu ya maswali ya muhula wa kwanza yanafunguka. Asipoelewa, anakariri fomula, na fomula iliyokaririwa humkimbia mtu ndani ya chumba cha mtihani.

Na kaboni hiyo iko ardhini kwao. Kinywe cha Ruangwa ni kaboni, kama almasi ya Mwadui ilivyo kaboni. Tofauti iko katika jinsi atomu zilivyopangwa. Tumekutana na vijana wa Ruangwa wanaokariri kwa Kiingereza kwamba kinywe hupitisha umeme na almasi haipitishi, wasijue kwamba kitu wanachokisema kinachimbwa wilayani mwao.

La pili ni mikono. Mwaka 2014 wananchi wa kata zetu, kama wa nchi nzima, walichangishwa kujenga maabara za sekondari. Majengo mengi yapo. Lakini jengo halifundishi pasipo kemikali, vifaa na mtu wa kuviandaa. Matokeo yake, wapo wanaoshika bureti kwa mara ya kwanza wiki chache kabla ya mtihani wa taifa, wakafika chuoni ambako mkufunzi anadhani wameishika kwa miaka minne au sita.

Alex Johnstone, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Glasgow aliyechunguza kwa miaka mingi kwa nini Kemia huonekana ngumu, alieleza kwamba somo hili husemwa katika ngazi tatu kwa pamoja: kile kinachoonekana, kile kisichoonekana kwa macho, na alama tunazoandika. Mwalimu mzoefu huruka kutoka ngazi moja hadi nyingine ndani ya sentensi moja, na kichwa cha anayeanza hujaa upesi.

Mfano wake tunao mashambani. Tunapulizia mikorosho unga wa salfa ili kuzuia ubwiriunga. Hilo tunaliona. Salfa inayodondoka chini hubadilishwa na bakteria wa udongoni, ikiungana na oksijeni na maji, ikawa asidi. Ndiyo maana udongo wa shamba lililopuliziwa miaka mingi huongezeka uchachu. Hilo hatulioni. Kisha tunaandika: 2S + 3O₂ + 2H₂O → 2H₂SO₄. Kijana wetu anaijua ngazi ya kwanza kuliko mwenzake wa mjini, kwa sababu amebeba bomba la kupulizia mgongoni tangu akiwa mdogo. Ngazi ya tatu ameikariri kwenye daftari. Ya katikati, inayoziunganisha hizo mbili, ndiyo hakuna aliyemwonyesha.

La tatu ni lugha. Mtoto anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha anaingia Kidato cha Kwanza ambako kila kitu ni Kiingereza. Jambo hili si geni. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zifundishe kwa Kiswahili; pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwa hiyo hatuwezi kusema maneno hayakuwepo. Hatutaki kuufungua mjadala wa sera hapa. Tunachosema ni kidogo: maneno yanayowakwaza vijana mara nyingi si ya kikemia. Ni maneno ya kawaida ya swali, kama yale yenye maana ya "kilichozidi" au "kidogo kiasi cha kutohesabika". Johnstone na mwenzake Cassels walikuta hata watoto wa Uingereza, ambao lugha hiyo ni yao, wakiyaelewa vibaya maneno ya namna hiyo. Sembuse wa Mnero au Mbekenyera.

La nne ni upweke, na hili wazazi wengi hawalijui. Uri Treisman wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichunguza katika miaka ya 1970 kwa nini wanafunzi weusi waliotoka sekondari na alama nzuri walikuwa wakianguka Hisabati ya mwaka wa kwanza. Hakukuta uvivu, wala wazazi wasiojali. Alikuta wanasoma kwa bidii, lakini kila mmoja peke yake. Ilhali wenzao wa asili ya Kichina, baada ya kusoma, walikutana, wakalinganisha majibu na kukosoana. Alipoanzisha makundi ya kutatua maswali magumu pamoja, matokeo yalibadilika sana. Katika miaka ya 1990, City College ya New York ilifanya jambo la jamaa na hilo katika Kemia: wanafunzi waliokwisha faulu somo wakaongoza makundi madogo ya wanaolianza.

Kijana anayetoka kijijini mwetu peke yake kwenda Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro yumo katika upweke huo. Anaona aibu kuuliza. Anadhani ni yeye tu asiyeelewa, kwa hiyo anajifungia na madaftari hadi usiku wa manane, anarudia yale yale asiyoyaelewa, na kila mtu anasifu bidii yake mpaka siku ya matokeo.

Nasi tujihukumu

Ingekuwa rahisi kuwatupia lawama walimu wa shule za kata, ambao wengi wanabeba madarasa makubwa peke yao. Lakini seminari nazo zina sehemu yake. Sisi tuna maabara zinazofanya kazi, tuna ratiba, tuna kimya cha kusomea. Vijana wetu hupata Divisheni One, nasi hubandika matokeo ubaoni kwa fahari. Kisha baadhi yao hao hao hukwama mwaka wa kwanza, na tunashangaa.

Hatupaswi kushangaa. Tumewazoesha mitihani iliyopita. Kijana amefanya maswali ya miaka kumi na mitano nyuma mpaka anajua swali la pili litauliza nini. Hiyo ni stadi ya kufaulu mtihani mmoja. Chuoni swali linakuja na sura mpya, hakuna kengele ya kuamka wala mlezi wa kusimamia masomo ya jioni, na yule aliyebebwa na ratiba yetu anagundua kwamba hakuwahi kutembea mwenyewe. Tumewahi kumwuliza mmoja wao, aliyepata A ya Kemia kwetu, kwa nini chumvi huyeyuka majini na mafuta hayayeyuki. Alitupa tafsiri ya neno kwa neno kutoka kwenye notisi. Tulipomwomba atuchoree kinachotokea, alinyamaza. A ile tuliitoa sisi.

Tufanye nini

Muda upo. Anayemaliza Kidato cha Nne mwezi Novemba na kwenda chuo cha afya ana miezi karibu kumi kabla chuo hakijafunguliwa. Anayemaliza Kidato cha Sita mwezi Mei ana mpaka Oktoba au Novemba, ukiondoa muda wa JKT kwa walioitwa kwa mujibu wa sheria. Miezi hiyo kwa sasa inaishia kwenye bodaboda, kwenye palizi na kwenye kusubiri matokeo. Tunapendekeza mambo matatu, na tunayaelekeza kwanza kwetu wenyewe.

Mosi, kupima. Kila kijana anayetarajia kusoma kozi yenye Kemia apewe jaribio la saa mbili, lisilo la kuchuja wala la kutangazwa: uwiano, vipeo, logi, moli, kusawazisha mlinganyo, kusoma swali la Kiingereza na kulieleza kwa Kiswahili. Lengo ni yeye na mzazi wake wajue mapema udongo ukoje.

Pili, darasa la wiki sita katika parokia au seminari iliyo karibu, wakati wa likizo maabara zikiwa tupu. Lifundishwe kwa Kiswahili hadi dhana ieleweke, kisha swali lile lile lifanywe kwa Kiingereza. Kila mmoja ashike vifaa kwa mikono yake. Palipo na uhaba, Kemia haikatai vitu vya nyumbani: siki ni asidi, magadi ni besi, maji ya choya hubadilika rangi kukujulisha ni ipi, na bomba la sindano la hospitali, likitolewa sindano, hupima mililita vizuri kabisa.

Tatu, makundi. Kabla hawajaondoka, wanaokwenda chuo kimoja au mji mmoja wafahamiane na wapatiwe kaka au dada aliye mwaka wa pili au wa tatu. Wakubaliane kukutana mara moja kwa wiki, kila mtu akija na swali lililomshinda. Jumuiya za wanafunzi Wakatoliki vyuoni zinaweza kuwa mahali pa kukutania. Na kwa kuwa mkoa wetu wa Lindi ni wa Waislamu na Wakristo, darasa hili liwe wazi kwa wote. Moli haina dini.

Tunajua pingamizi litakalokuja: kazi ya seminari ni kuandaa mapadre. Ni kweli. Lakini wengi wanaopita seminari ndogo huishia kuwa walei, na Kanisa haliwapotezi kwa sababu hiyo. Tena Jimbo letu, lililoanzishwa mwaka 1963 kwa jina la Nachingwea kabla ya kuitwa Lindi, limekua huku zahanati na shule zikiwa kando ya altare. Hospitali za Nyangao na Ndanda haziendeshwi kwa sala peke yake. Zinahitaji mtu wa maabara aliyefaulu Kemia. Sekondari za kata zinahitaji mwalimu wa Kemia, na kila anayedisko ni mwalimu mmoja ambaye hatarudi kufundisha, hivyo wadogo zake wanaendelea kusoma bila mwalimu na kuanguka kama yeye. Kinywe cha Ruangwa na nikeli ya Ntaka vitapimwa na mtu fulani. Tungependa awe wa kwetu.

Tumalizie na mtawa mmoja. Gregor Mendel, ambaye kila mwanafunzi wa Baiolojia anamjua, mwaka 1850 alianguka mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Abate wake, Cyril Napp, hakusema kwamba sayansi si ya mtoto wa mkulima, ingawa Mendel alikuwa mtoto wa mkulima kweli. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna, akasoma huko fizikia, kemia na botania kuanzia mwaka 1851 hadi 1853. Mwaka 1856 Mendel alirudi kwenye mtihani ule ule, na bado hakuupata. Lakini mwaka huo huo, katika bustani ya monasteri, alianza majaribio ya njegere yaliyofungua elimu ya urithi wa viumbe.

Hatuwezi kuahidi kwamba kila kijana wa Nachingwea na Ruangwa atakuwa Mendel. Kuwa Abate Napp kunawezekana. Novemba ikifika, watahiniwa wa Kidato cha Nne wakitoka chumba cha mtihani, funguo za maabara zetu zitakuwa mifukoni mwetu kama kawaida. Tunawaomba magambera, maparoko na walimu wenzetu tuzitoe.